Ilhamu ya Arusi Mjini Brussels: Mahari, Mkaja na Kanga ya Kisutu

Jamaa zetu wanaoozesha watoto mjini Brussels huanza na swali moja: arusi hii tuifanye kwa mfano gani? Zamani swali hilo halikuwa na mahali pa kuulizwa. Kila mtaa wa Unguja, Mombasa au Kasongo ulikuwa na mabibi waliojua nani aitwe kwanza, nani apike, nani alale na bibi arusi usiku wa kuamkia nikaha, na maarusi wenyewe hawakutakiwa rai. Leo bibi yuko Maskati, shangazi yuko Bukavu, mjomba yuko Birmingham, na bibi arusi yuko ofisini mpaka siku mbili kabla ya arusi yake. Ilhamu hutafutwa kwenye simu, usiku, au ndani ya metro.

Simu hutoa kilichoko sokoni. Hutoa viti vya enzi vyeupe vya kumbi za Ghuba, maua ya plastiki na keki za ghorofa. Na Brussels ina soko lake. Wamoroko, ambao walianza kuja kwa wingi baada ya mkataba wa wafanyakazi kati ya Ubelgiji na Moroko wa mwaka 1964, wamejenga biashara kamili ya arusi yenye kumbi, wapishi, wapakaji hina, na negafa, yule mwanamke anayekodisha mavazi na kumvika bibi arusi joho moja baada ya jingine. Ni watu hodari, wanaijua kazi yao, na chakula chao ni halali. Familia ya Kiswahili yenye haraka hujikuta imekodi kila kitu kwao, na usiku unapokwisha bibi arusi mwenye asili ya Lamu amebebwa juu juu kwa machela ya Fez. Sioni ubaya wake. Pwani yetu imekuwa ikiazima kwa wageni tangu zama. Lakini wazazi wengi husema baadaye kwamba walitaka kitu cha kwao, na hawakujua pa kukichota.

Katika makala hii nitajaribu kuonyesha mahali pa kukichota, na gharama yake pia. Nasema gharama kwa sababu arusi za wazee wetu zilikuwa daftari la vyeo. Karibu kila pambo tunaloliona zuri leo lilikuwa likisema nani muungwana na nani si muungwana. Anayelichukua bila kujua habari hiyo anaweza kumkwaza mkwewe mbele ya wageni mia tatu, hasa katika mji huu ambapo wasemaji wengi wa Kiswahili ni watu wa mashariki ya Kongo, Burundi na Rwanda, na sisi wa asili ya Unguja, Mombasa na Omani ni wachache.

Vitabu viwili

Wanahistoria miongoni mwetu watauliza vitabu kwanza. Cha msingi ni Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandishi hayo. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilitoka mwaka 1981, na ndiyo inayosomwa na vijana wengi wa Ulaya. Cha pili ni kumbukumbu za Sayyida Salme binti Said, Emily Ruete, zilizotoka kwa Kijerumani mwaka 1886, zenye habari nyingi za maisha ya wanawake katika majumba ya Mtoni na ya mjini Unguja.

Si vibaya kukumbuka waandishi hawa wenyewe waliolewa na kuoa vipi. Sayyida Salme aliolewa Aden tarehe 30 Mei 1867 na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg, siku ileile aliyobatizwa, bila ndugu zake wa Unguja. Mtoro, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, alimwoa huko Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Mwaka uliofuata alitaka kurudi naye Afrika Mashariki, na wakuu wa koloni wakawakatalia kuishi huko pamoja. Walirejea Ujerumani, na Mtoro akafia huko mwaka 1927. Basi swali la kuoa mbali na wazee si jipya kwa Waswahili wa Ulaya. Lina umri wa zaidi ya miaka 150.

Mtoro husomwa vibaya akifanywa kitabu cha mapishi. Anaeleza Mrima wa zama zake. Haelezi Lamu, wala Maskati, wala Nyangwe, na binti wa Barawa hatajiona humo. Faida yake kubwa iko katika mpangilio wa watu: nani hupeleka posa, nani hujibu, nani hupokea nini. Huko ndiko ningemwelekeza mzazi kabla hajatazama picha moja ya ukumbi.

Doti ya nani?

Jambo linalovunja vikao vingi vya posa hapa mjini ni mali, na mara nyingi ugomvi huanzia kwenye neno. Jamaa wa Kongo huita mali ya posa kwa neno la Kifaransa, dot. Bibi wa Unguja aliyeketi pembeni husikia doti, na kwake doti ni kanga mbili zilizoshonana. Anashangaa kuona wanaume wanakunja nyuso kwa ajili ya kanga. Nimeona watu wakicheka kwa hilo, lakini chini ya kicheko mna tofauti ya kweli.

Kwa sheria ya Kiislamu, Ibadhi kwa Shafii, mahari ni haki ya mwanamke mwenyewe. Baba hana fungu ndani yake, na mume hana ruhusa ya kuyarudisha mfukoni mwake. Kwa desturi ya Kongo, mali ya posa huenda kwa wazazi wa binti, na Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 imeliandika jambo hilo waziwazi: mali hiyo ni kwa manufaa ya wazazi wa mchumba. Kwa hiyo upande mmoja unaposema mahari ni ya binti na kidogo yake yatosha, upande wa pili husikia dharau: yaani ninyi mmechukua mtoto na hamtaki kutushukuru sisi tuliomlea? Na upande wa Kongo unapoleta orodha ya suti ya baba, vitenge vya mama, mbuzi wa wajomba na kadhalika, upande wa pwani husema kwamba binti anauzwa. Nimesikia neno hilo likisemwa kwa sauti ndogo, na sikulipenda, kwa sababu linatoka kwa watu waliosahau desturi zao.

Pwani ilikuwa na vyote viwili. Mahari yalikuwa ya binti. Lakini kando ya mahari kulikuwa na ada za wazee, na kila ada ilikuwa na jina. Edward Steere alizikuta zote Unguja na kuzitia katika kamusi ya kitabu chake cha lugha kilichotoka mwaka 1870, na Mtoro naye anazieleza kwa upande wa Mrima. Kilemba kilikuwa cha baba. Mkaja ulikuwa wa mama, na mkaja ni ile nguo mwanamke anayojifunga tumboni baada ya kuzaa. Ubeleko nao ulikuwa wa mama, na ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Kulikuwa na kiosha miguu cha kungwi, kifungua mlango cha walioushika mlango wa chumba, na kipa mkono cha bibi arusi mwenyewe, alichopewa na mumewe siku anapoingia kwake.

Tazama majina hayo. Mtu anayempa mkwewe mkaja anamwambia: naujua uchungu ulioupata kumzaa huyu. Anayempa ubeleko anaukumbuka mgongo wake. Shangazi wa Bukavu akielezwa hivyo ataona mara moja kwamba orodha yake na yetu ni ndugu, na kwamba kinachotofautiana ni mfuko: mahari katika bahasha moja, kwa jina la binti, na ada za wazee mbali. Familia zilizopanga mambo namna hii zimepunguza vikao vinne kuwa viwili. Kiasi ni kazi ya wazee kukubaliana. Historia haina bei ya kuwapa.

Siwa, joho na kanga

Sasa mapambo. Kijana akitafuta picha za arusi ya kale ya pwani ataangukia siwa. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, inapita mita mbili, na ya Lamu ni ya shaba. Zote zimo katika Makumbusho ya Lamu. Zilipulizwa katika arusi na tohara za watu wakubwa, kwa idhini ya wenye mji. Asiyekuwa wa nasaba hakupulizia. Joho la bwana arusi, kilemba cha hariri na jambia la fedha vilikuwa na lugha hiyohiyo, na Waarabu wa Omani walivivaa kuonyesha kabila na daraja. Hata nani amwoe nani lilikuwa jambo la daraja, nao waliliita kufu.

Leo bwana arusi wa Brussels hukodi jambia, au huletewa na ami yake kutoka Nizwa, na hilo si kosa; mwaka 2022 UNESCO iliuorodhesha ufundi na desturi za jambia la Omani, khanjar, kuwa urithi wa dunia usioshikika. Ninachoshauri ni kuuliza upande wa pili unaonaje. Katika Maniema, picha ya mtu wa kanzu, joho na jambia si picha ya arusi peke yake. Nitarudi hapo.

Kanga ina habari nyingine. Ilizaliwa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, wakati utumwa ulipokuwa ukielekea kwisha kisheria. Wajakazi walikuwa wakivaa merikani isiyo na rangi au kaniki nyeusi. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa Unguja na Pemba, wanawake walioachwa huru walinunua kanga za rangi na kujifunika, na kwa nguo hiyo walidai uungwana waliokuwa wamenyimwa. Mwanahistoria Laura Fair amelieleza jambo hili vizuri sana. Kwa hiyo anayetafuta pambo la pwani lisilobagua hana haja ya kwenda mbali na kanga.

Na kanga ya arusi ni kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, kwa asili haina maneno. Hutiwa katika sanduku la bibi arusi, na wakwe hupeana. Ajabu yake kwa mtu wa Brussels ni kwamba sehemu kubwa ya kanga za zamani hazikuchapwa Afrika. Zilichapwa Ulaya na India, na miongoni mwa wachapaji wakubwa ni kiwanda cha P. F. van Vlissingen cha Helmond, Uholanzi, kilichoanzishwa mwaka 1846, ambacho leo tunakijua kwa jina la Vlisco. Kutoka Brussels hadi Helmond ni mwendo wa saa mbili kwa gari, au pungufu. Sasa nenda Matonge, katika manispaa ya Ixelles, mtaa wa Wakongo uliopewa jina la Matonge ya Kinshasa. Vitenge vya bei ghali vinavyoning'inia madukani, ambavyo mashangazi wa Bukavu huviita vikwembe na kuvinunua kwa sare ya arusi, vingi vimetoka kiwanda hichohicho. Nguo ya bibi wa Unguja na nguo ya shangazi wa Kongo zilitoka kwa mchapaji mmoja. Kama kuna familia inayotafuta wazo la meza ya zawadi, hilo hapo, tena halihitaji fundi wa mapambo.

Hina sina haja ya kuieleza. Kila mtu anaipenda. Nitasema tu kwamba mwezi Desemba 2024 UNESCO iliitia hina katika orodha yake kwa ombi la nchi 16 za Kiarabu, Omani ikiwamo, na hakuna hata nchi moja ya pwani ya Waswahili iliyotajwa. Tuliolala ni sisi.

Kazi ya somo

Kitu kinachopotea upesi zaidi kuliko vyote hakionekani kwenye picha. Ni somo, au kungwi: mwanamke mzima, asiye mama mzazi, anayemchukua binti siku kadhaa kabla ya arusi, humsinga kwa singo ya liwa, waridi na viungo, humfunda, humwambia ambayo mama anaona haya kuyasema, na hubaki kuwa mtu wake wa kumkimbilia ndoa ikitikisika. Hii sehemu ya mwisho ndiyo yenye uzito hapa Ulaya. Binti anayekaa ghorofa ya tano Schaerbeek, mumewe amenuna siku tatu, amwite nani? Mama yake atalia. Rafiki zake watasema aachike. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii haijui lugha ya jambo lenyewe.

Katika kulirudisha jambo hili tuwe wakweli juu ya asili yake. Margaret Strobel, aliyezungumza na wanawake wa Mombasa katika miaka ya 1970 na kuchapa kitabu chake mwaka 1979, alionyesha kwamba wengi wa makungwi walikuwa wanawake wa asili ya utumwa, na kwamba nyimbo na mafunzo mengi yalitoka bara pamoja nao. Mabinti wa waungwana walifundwa ndoa na wanawake ambao wenyewe, katika zama za utumwa, hawakuweza kuolewa bila idhini ya bwana. Na mahari ya mjakazi yalikuwa ya bwana wake. Elimu hiyo tunayoiita ya bibi zetu kwa kweli ni ya mabibi wengi, na baadhi yao majina yao hayakuandikwa popote.

Kwa maarusi wa Brussels kumpata somo si kazi kubwa kama inavyodhaniwa. Mteueni mwanamke mmoja mwenye busara, wa upande wowote, mpeni kiosha miguu chake kwa heshima, na mumpe siku zake mbili na binti bila mpiga picha. Akitoka Maniema na binti ni wa Unguja, au kinyume chake, basi ni kheri zaidi. Udi nao mfukizeni, lakini someni kwanza mkataba wa ukumbi: king'ora cha moshi hakijui udi, na wazima moto wakiitwa bure huenda mkaletewa hesabu.

Manispaa kwanza

Hapa lazima nitoke kwenye historia kidogo, kwa sababu hakuna ilhamu inayofaa ikiwa karatasi si sawa. Kifungu cha 21 cha Katiba ya Ubelgiji kinataka ndoa ya kiserikali itangulie ibada yoyote ya kidini ya ndoa. Kanuni hii ina mizizi katika zama ambapo nchi hii ilikuwa chini ya Ufaransa, na imo katika Katiba tangu mwaka 1831. Kwetu pwani sheikh anayefungisha nikaha huandikisha ndoa, na mambo yamekwisha. Hapa sivyo. Nikaha iliyofungwa sebuleni Molenbeek bila ndoa ya manispaa haimpi mwanamke cheo cha mke mbele ya sheria. Mume akifa, hahesabiwi mjane katika mirathi. Ndoa iliyofungwa na kusajiliwa Unguja au Nairobi kwa sheria ya huko ni jambo jingine, na huombewa kutambuliwa.

Brussels ina manispaa 19, na maarusi hupeleka tamko lao katika manispaa anapoishi mmoja wao. Ndoa haifungwi kabla ya siku 14 kupita tangu tamko, na ikifungwa iwe ndani ya miezi sita baada ya hapo. Afisa akishuku kwamba ndoa ni ya kutafuta karatasi za ukaazi, anaweza kuiahirisha hadi miezi miwili, na mwendesha mashtaka anaweza kuongeza hadi mitatu. Familia zetu, zenye bwana arusi wa kutoka Mombasa au Goma, hukutana na hili mara nyingi. Basi tiketi ya bibi wa Maskati isikatwe kabla manispaa haijatoa tarehe ya hakika.

Jambo la pili ni mali. Sheria ya Ubelgiji, tangu mageuzi ya mwaka 1976, huchukulia kwamba kinachochumwa ndani ya ndoa ni cha wote wawili, isipokuwa maarusi wametia saini mkataba mwingine mbele ya notari. Wazee wetu walizoea kwamba mali ya mke ni ya mke na ya mume ni ya mume. Kila njia ina kheri yake na hatari yake, hasa kwa mwanamke atakayeacha kazi kulea watoto, na inafaa maarusi wakae na notari kabla ya arusi badala ya kudhani. Kwa upande wa jina hakuna la kuamua: ndoa ya Ubelgiji haibadilishi jina la mwanamke, naye hubaki binti ya babaye kama alivyokuwa binti Salim au binti Juma.

Wengi huifanya safari ya manispaa kuwa kazi ya dakika ishirini, kwa koti la kawaida. Nadhani wanapoteza kitu. Katika nikaha ya pwani bibi arusi hayupo msikitini. Walii wake humsemea, na idhini yake huchukuliwa nyumbani, mara nyingi kwa ukimya au kwa kilio. Manispaani lazima aje mwenyewe na aseme ndiyo kwa kinywa chake, baba na mama wakisikia. Nimewaona akina mama waliokwenda kwa shingo upande wakatoka wanafuta machozi. Na mfuatano wa mambo mawili kwa siku tofauti hautupi ugeni: hata kwetu nikaha ilikuwa siku moja, na kuingia nyumbani siku nyingine.

Bustani yenye msikiti na sanamu

Baada ya manispaa, maarusi wengi hupelekwa kupigwa picha katika bustani ya Cinquantenaire, chini ya lile tao kubwa lililokamilika mwaka 1905. Waislamu huipenda pia kwa sababu ndani yake mna Msikiti Mkuu wa Brussels. Jengo hilo lilisimamishwa karne ya 19 ili kuonyesha picha kubwa ya mji wa Cairo ya mchoraji Emile Wauters. Mfalme Baudouin alilitoa kwa Mfalme Faisal wa Saudia mwaka 1967, likafunguliwa kama msikiti mwaka 1978.

Karibu na msikiti huo pana mnara wa mawe wa Thomas Vinçotte, wa mwaka 1921, unaowasifu waanzilishi wa Kibelgiji wa Kongo. Maandishi yake yanasifu askari wa Ubelgiji kwa kumwangamiza Mwarabu mwenye kutia watu utumwani. Neno Mwarabu limefutwa, likarudishwa, likafutwa tena, kulingana na nani amelalamika. Habari inayosemwa ni ya vita vya 1892 hadi 1894, ambapo jeshi la Leopold II liliteka Nyangwe na Kasongo, na Sefu, mwana wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, Tippu Tip, akauawa mwaka 1893. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 1887, Leopold huyohuyo alikuwa amempa Tippu Tip ugavana wa Stanley Falls kwa mshahara. Mnara hausemi hilo.

Wala haumalizi habari upande wetu. Watu wa Tippu Tip walikamata na kuuza watu wa Maniema, na wajukuu wa waliokamatwa wamo katika ukumbi wa arusi. Mimi sioni busara ya kunyamaza, wala ya kuleta mhadhara kati ya pilau na halua. Pahali pake ni kikao cha wazee, mapema, kabla ya posa kujibiwa. Na humo kuna jambo la kuwaleta pamoja pande zote: wale walioitwa Waarabu wa Kasongo walikuwa tayari wamechanganyika. Babaye Tippu Tip alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe, na bila ndoa hiyo njia ya misafara isingekuwa nyepesi kwake. Wengine hawakuoa, walichukua masuria. Mama yake Sayyida Salme, Jilfidan, alikuwa suria wa Kisirkasi. Shajara zetu nyingi zina mahali ambapo jina la mwanamke limerukwa, na kila mzee anajua kwa nini.

Anayetaka kuchunguza zaidi apande tramu namba 44 hadi Tervuren, ambako makumbusho ya Afrika yalifunguliwa upya mwezi Desemba 2018 baada ya ukarabati mrefu. Katika nyaraka za Kibelgiji za zama hizo mna barua na mapatano ya Kiarabu na ya Kiswahili cha herufi za Kiarabu kutoka mashariki ya Kongo. Xavier Luffin wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels ametoa kitabu juu yake mwaka 2020. Kuna familia moja niijuayo ambayo, kabla ya kuchapa kadi za mwaliko, iliketi na wazee wa pande mbili na kuandika majina ya bibi wanne kila upande, kadiri walivyoweza kuyakumbuka. Mahali palipokosekana jina waliacha mstari mtupu. Kadi zilichapwa hivyo.

Siku saba

Imebaki fungate. Wazee waliwapa maarusi siku saba ndani, wasifanye kazi, chakula kikija kutoka kwa mama wa bibi arusi asubuhi na jioni. Sheria ya kazi ya Ubelgiji humpa mwajiriwa siku 2 za mapumziko yenye mshahara kwa arusi yake, na mzazi wake siku 1. Wanaoitaka fungate huongeza likizo yao ya mwaka, na jamaa hugawana siku: Jumapili mama, Jumatatu wakwe, Jumanne mashangazi wa Matonge na samaki wao, Jumatano jirani Mmoroko ambaye amesikia habari na hataki kuachwa nje. Chakula huwekwa mlangoni, mtu akabonyeza kengele na kushuka kwa lifti kabla hapajafunguliwa. Siku ya saba huja somo, naye hungoja mpaka afunguliwe.